Haragwe Jeupe kwa Mtoto wa Kike

Mwaka 2018 tulikuwa akina mama kumi na wawili wa parokia moja tuliokwenda kuhiji Roma. Siku moja kabla ya kurudi nyumbani tulipanda treni asubuhi kwenda Florence, au Firenze kama Waitalia wenyewe wanavyouita. Tulitaka kuona nyumba ya ubatizo ya Mtakatifu Yohane.

Nyumba hiyo imesimama peke yake mbele ya kanisa kuu. Ilitabarukiwa mwaka 1059. Ina pande nane, na kuta zake ni za marumaru nyeupe na ya kijani. Wakristo wa kale waliipenda namba nane, kwani baada ya siku saba za uumbaji, siku ya nane ni ya Ufufuko, mwanzo mpya.

Milango yake mitatu ni ya shaba. Ule wa mashariki, uitwao Mlango wa Paradiso, ulimchukua fundi Lorenzo Ghiberti miaka 27, tangu 1425 hadi 1452. Mafuriko ya Novemba 1966 yalizing'oa baadhi ya picha zake. Milango halisi sasa imehifadhiwa katika makumbusho jirani, na inayoonekana hapo ni nakala.

Ndani, shingo iliniuma kwa kutazama juu. Dari imejaa picha za vipande vidogo vya vioo na dhahabu, na katikati ya watakatifu ameketi Kristo, urefu wake wapata mita nane. Sakafuni pana alama ya kisima kikubwa cha ubatizo kilichoondolewa mwaka 1577. Kwa karne nyingi watoto wote wa mji waliletwa hapa, wa tajiri na wa fukara. Hata mshairi Dante alibatizwa humu.

Kijana aliyetuongoza akatueleza jambo moja. Katika karne ya 14, mwandishi Giovanni Villani aliandika jinsi padri alivyohesabu watoto waliobatizwa. Kwa kila mvulana aliweka haragwe jeusi, kwa kila msichana haragwe jeupe. Kwa mwaka walifika 5,500 hadi 6,000.

Wenzangu walicheka. Mimi machozi yalinitoka.

Nina mabinti wanne. Huyu wa nne alipozaliwa, ndugu walikuja hospitali wakauliza, "Tena msichana?" Nami, badala ya kumtetea mwanangu, niliona aibu. Ubatizo wake tuliufanya kimyakimya, bila pilau wala wageni, kana kwamba tunaficha kosa. Na hapa, miaka mia saba iliyopita, padri aliinama kumwekea binti wa mtu haragwe lake, sawasawa na la mvulana.

Lakini msidhani mji ule haukuwa na dhambi. Tulitembea kama dakika kumi hadi Innocenti, nyumba iliyojengwa kuwapokea watoto waliotupwa. Mtoto wa kwanza aliachwa pale mwezi Februari 1445. Alikuwa msichana, wakampa jina Agata Smeralda. Na waliomfuata, wengi walikuwa wasichana. Baadhi ya akina mama waliacha nusu ya medali kwa mtoto, nusu nyingine wakabaki nayo, wakitumaini siku moja kumtambua.

Hapo nilielewa. Kanisani mtoto wa kike alihesabiwa sawa, lakini nyumbani mzani ulikuwa mwingine. Maji ya ubatizo yalikwisha kusema yote. Sisi wazazi ndio tuliokataa kusikia.

Niliporudi nilimwita kitinda mimba wangu, wakati ule akiwa na miaka kumi na tisa, tukakaa jikoni tukichambua maharage. Nilimweleza habari za Florence, kisha nikamwomba msamaha kwa ajili ya ile siku ya ubatizo wake. Alinyamaza kitambo. Akasema, "Mama, nilikuwa najua." Kumbe dada zake walikwisha kumwambia zamani. Mwezi uliofuata, siku ya kumbukumbu ya ubatizo wake, tulipika pilau na kuwaita ndugu wote, wakiwamo wale waliouliza.

Mama mwenzangu, kama nawe una binti uliyempokea kwa huzuni, usisubiri hadi usafiri kama mimi. Mwite leo. Watoto wanayajua mengi kuliko tunavyodhani.