Nyiramugengeri ya Gishoma na Hukumu Niliyoikosea

Nyiramugengeri si nishati jadidifu. Naitanguliza sentensi hiyo kwa sababu kwa miaka kadhaa, nikiwa mwalimu wa jiografia hapa Kamembe, nilifundisha kinyume chake, na siku moja nilimwambia mwanafunzi mbele ya wenzake kwamba amekosea, kumbe aliyekosea ni mimi.

Kwa asiyeifahamu, nyiramugengeri ni udongo mweusi wa bondeni: masalio ya mafunjo na majani yaliyoozea majini bila kuoza kabisa, kwa kuwa huko chini hewa haifiki. Ukiuchimba na kuukausha, unawaka. Katika bonde la Gishoma, humuhumu wilayani Rusizi, kilijengwa kituo cha kuichoma ili kupata umeme, chenye uwezo wa megawati 15, cha kwanza cha aina yake Rwanda. Tulifurahi. Mimi nilifurahi kuliko wengi, maana nilipata mfano wa kufundishia ambao mwanafunzi angeweza kwenda kuutazama kwa macho yake.

Ubaoni nilikuwa nikichora safu moja tu yenye kichwa "nishati jadidifu". Ndani yake niliweka jua, upepo, jotoardhi na maji ya mto Ruzizi, ambayo yamekuwa yakizungusha mitambo ya Mururu tangu mwisho wa miaka ya 1950 na ya Ruzizi ya Pili tangu 1989. Kisha, kwa mkono uleule, niliongeza nyiramugengeri. Hoja yangu ilikuwa fupi: imetokana na mimea, na mimea huota tena. Sikufungua kitabu chochote kuihakiki. Ilinitosha kwamba inapendeza masikioni.

Nimejiuliza sana kwa nini ilinipendeza hivyo. Nadhani chanzo ni mwaka 2004. Wanaokumbuka wanajua: maji ya maziwa Burera na Ruhondo yalipungua, kituo cha Ntaruka kikalegea, umeme ukawa wa mgawo nchi nzima, na serikali ikalazimika kukodi majenereta ya dizeli. Dizeli husafirishwa kwa malori kutoka bandari za mbali, na bei yake haipangwi na sisi. Tangu hapo, chochote kilichotoka katika ardhi yetu kilionekana kwangu kuwa ukombozi, na kila ukombozi nikauona msafi. Nikachanganya kitu kilicho chetu na kitu kisichoisha. Ni mambo mawili tofauti, na mtu aliyesomea jiografia hakupaswa kuyachanganya.

Kosa lenyewe lilitendeka katika klabu yetu ya midahalo ya Kiswahili. Mada ilikuwa kama sheria iyalazimishe mashirika ya umeme kupata sehemu maalumu ya umeme wao kutokana na nishati jadidifu. Mimi nilikuwa mwamuzi. Binti mmoja wa upande unaounga mkono alisimama akasema sheria hiyo inafaa, ila kwanza itaje waziwazi ni nini kinachohesabiwa, na nyiramugengeri isiwemo. "Ikiisha Gishoma," alisema, "mjukuu wangu hataiona tena." Nilimkatiza. Nilimwambia, "Binti, hapo umepotoka, hiyo ni mimea." Akaniangalia, akasema, "Sawa, Mwalimu," akakaa. Nilipotoa hukumu nilitaja kosa hilo la ukweli kuwa sababu ya upande wao kushindwa.

Hakuwa amepotoka. Niliujua ukweli baadaye, nilipokuwa nikitayarisha somo la hewa ukaa kwa kutumia mwongozo wa mwaka 2006 wa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi. Nyiramugengeri haikuwekwa pamoja na kuni. Imepewa mahali pake, na moshi wake huhesabiwa kama wa makaa ya mawe. Kwa kila terajuli ya joto, nyiramugengeri hutoa takriban tani 106 za kaboni dioksidi. Makaa ya mawe ya kawaida, tani 95 hivi. Dizeli, tani 74. Yaani ile dizeli niliyokuwa nikiilaani darasani hutoa kaboni dioksidi chache kuliko nyiramugengeri kwa joto lilelile. Halafu kuna suala la muda. Nyiramugengeri hujijenga kwa kadiri ya milimita moja kwa mwaka. Mita moja inayochimbwa ni kazi ya miaka kama elfu, na bonde likishakaushwa ili lichimbwe, hata hiyo milimita haiongezeki tena.

Nilipoendelea kusoma ndipo nilipoona jinsi hoja ya binti yule ilivyokuwa nzito. Jimbo la Iowa, Marekani, lilipitisha mwaka 1983 sheria ya kwanza ya aina hii nchini humo, ambayo chini yake kampuni mbili za umeme zilikuja kutakiwa zipate megawati 105 za nishati jadidifu. Idadi inajulikana, mwenye wajibu anajulikana. Lakini idadi ni nusu tu ya sheria. Nusu ya pili ni orodha ya kinachohesabiwa, na huko ndiko watu huvutania. Uswidi ilianzisha vyeti vya umeme jadidifu mwaka 2003, na punde nyiramugengeri inayochomwa katika vituo vya kutoa umeme na joto kwa pamoja ikaruhusiwa kupewa vyeti hivyo, ingawa Umoja wa Ulaya hauihesabu kuwa jadidifu. Nchi tajiri, yenye wanasayansi wengi, ilikiweka katika orodha kitu kilekile nilichokiweka mimi ubaoni. Hilo halinipunguzii lawama. Linaonyesha tu kwamba swali la binti lilistahili kusikilizwa.

Na kwetu? Mwaka 2012 mamlaka ya udhibiti, RURA, ilitoa kanuni ya bei maalumu kwa umeme wa mitambo midogo ya maji, kuanzia kilowati 50 hadi megawati 10, pamoja na wajibu wa shirika la umeme kuununua. Kanuni ilikuwa nyembamba, lakini ilitaja jina la ilichokihesabu: maji. Ningeisoma kabla ya mdahalo, ningekuwa mwamuzi bora.

Sasa nifike kwenye lililo baya zaidi, kwa sababu kutojua kunasameheka. Baada ya kujua, nilinyamaza. Nilifuta nyiramugengeri kwenye safu yangu kimyakimya, nikawafundisha wanafunzi wapya ukweli, na wale wa zamani nikawaacha na uongo wangu. Niliogopa kuonekana mdogo. Niliogopa pia kuonekana ninaipinga fahari ya wilaya, na nikajificha nyuma ya woga huo wa pili kwa kuwa ulikuwa na heshima zaidi kidogo kuliko wa kwanza.

Hatimaye nilimwandikia binti yule, ambaye sasa yuko chuoni, nikamwambia kwamba alisema kweli na kwamba nilimnyang'anya ushindi wake. Jibu lake lilikuwa fupi: "Asante, Mwalimu. Na wenzangu umewaambia?"

Baadhi nimewatafuta nikawaambia. Wengine wamevuka mpaka wakahamia Bukavu, wengine wako Kigali, na namba zao sina. Kwenu ninyi ninaandika haya: siku ile upande wa dada yenu ndio uliostahili kushinda, na nyiramugengeri muifute kwenye madaftari yenu.