Zege Halilali, Nilisema

Mimi ni fundi mwashi. Kwetu ni Tanga, na nilikuja Dodoma mwaka 2017, Serikali ilipokuwa inahamia na mafundi tukaifuata riziki. Haya ninayoyaandika nimeyanyamazia miaka kadhaa, kwa sababu wapo wanaonisifu kwamba niliokoa kijana. Sikumwokoa.

Nianze na ujinga wangu. Kwetu pwani joto linajitangaza: shati linalowa, unajua umeungua. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa yake ni kavu na upepo hauishi. Jasho linakauka kabla hujaliona. Nikajiaminisha kwamba asiyelowa hana joto. Kijana akijibanza kivulini saa saba mchana, kwangu huyo anategea. Na maji ya kunywa niliyahesabu pamoja na hasara, maana pale Msalato tulipokuwa tunajenga tuliyanunua kwa dumu, na tofali nazo zilikuwa zinayataka.

Ilikuwa Novemba 2022. Jiwe la msingi la uwanja wa ndege wa Msalato lilikuwa limewekwa mwisho wa Oktoba, na wenye viwanja jirani walikuwa na haraka. Siku hiyo tulikuwa tunamwaga lenta ya nyumba ya mtu. Kati ya vibarua alikuwepo kijana wa miaka kumi na tisa, Mgogo kutoka upande wa Bahi, siku yake ya pili kazini. Asubuhi hakunywa hata chai.

Mpaka saa sita alikuwa anatania wenzake. Saa saba akanyamaza. Akamwaga karai la zege chini, nikamtukana. Akaja kwangu, akaniambia, "Fundi, kichwa kinaniuma, naomba nikae kidogo." Nilimjibu lile neno ambalo kila fundi wa nchi hii analijua: zege halilali. Akarudi kubeba. Baada ya muda akaanza kuongea Kigogo peke yake, akimwita mama yake. Watu wakacheka, na mimi nilicheka pia. Kisha akatapika, akaanguka.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba hatujui kitu. Mmoja alisema kifafa, akavua kiatu amnusishe. Mwingine alisema malaria, atafutiwe vidonge vya homa. Mimi nilifungua soda, nikataka kumimina mdomoni.

Aliyenipiga mkono ni mama lishe aliyekuwa anatupikia ugali na mlenda. "Utampalia, baba! Hajitambui huyo!" Akaamuru abebwe hadi chini ya mgunga, avuliwe shati na viatu. Alikuwa na madumu mawili ya maji, ya kupikia jioni na kesho yake. Aliyamwaga yote juu ya yule kijana, kichwani, kwapani, kifuani, kwenye mapaja, huku wawili wakimpepea kwa mifuko mitupu ya saruji. Akavua khanga ya juu, akailowesha, akamfunika. Tukampakia kwenye bajaji, na njia nzima tulikuwa tunamloweshea khanga ile kwa maji ya kuomba.

Zahanati walipompima joto alikuwa bado na nyuzi 39 na zaidi, hata baada ya maji yote yale. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mganga akatueleza kwamba hicho ni kiharusi cha joto: mwili umeshindwa kujipoza, umevuka nyuzi 40, na kila dakika inayopita ubongo na figo vinaumia. Vidonge vya homa havisaidii hapo, kinachosaidia ni maji na upepo, palepale alipoangukia, kabla ya safari. Nikauliza mbona ngozi yake ilikuwa kavu, mimi nilidhani aliyepigwa na jua hulowa. Akasema wapo wanaolowa na wapo wanaokauka, wewe tazama akili: akianza kuongea ovyo au kuyumba, usisubiri kitu kingine.

Kijana alikuwa ameshaongea ovyo mbele yangu, nikacheka.

Alipelekwa hospitali, akalazwa siku nne, akapona. Mama yake alikuja kutoka kijijini na karanga kwenye kopo, akapiga goti kunishukuru. Nilizipokea. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba mwanawe aliniomba kukaa nikamnyima. Nilimwambia baada ya miezi miwili, nikiwa nimemfuata Bahi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama nimekula.

Ningependa kusema nilibadilika siku ileile. Wiki iliyofuata nilimfokea mwingine aliyekaa kivulini, nikajisikia nikifoka. Nilibadilika polepole, na kwa hasara pia: mwenye nyumba mmoja aliniondoa kazini kwa kuwa vijana wangu "wanalala mchana". Sasa tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, tunasimama saa tano, tunarudi saa tisa na nusu. Lenta tunaianza alfajiri, ikizidi siku tunaongeza watu. Zege halilali, lakini nani alisema lazima limwagwe saa nane? Kibarua mgeni nampa kazi nyepesi wiki yake ya kwanza, mwili uzoee. Dumu la maji ya kunywa tunalivika gunia lililoloweshwa na kuliweka kivulini penye upepo, na upepo wa Dodoma, uleule unaotuficha jasho, unayapoza vizuri. Anayejisikia kizunguzungu na bado ana akili zake anakaa, anakunywa kidogo kidogo: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi.

Yule kijana sasa ni fundi, ana mwiko wake. Akikutana nami, huniamkia.

Ndugu yangu unayesimamia watu, Oktoba na Novemba zinakuja kila mwaka. Leo saa saba mtafute yule aliyeacha kutania, muulize jina lake na la kijijini kwao, na usikilize anavyojibu.

Yule mama lishe nilimpelekea pesa ya maji. Lita arobaini. Alikataa kuipokea.