Isisikike Msikitini

Mjomba alinipigia simu Jumapili moja mchana. Tuliulizana habari za kila mtu, mpaka za mbuzi aliyevunjika mguu, halafu akakohoa kidogo kama anayetaka kukopa.

"Mpwa wangu, ninataka spika ya gitaa. Lakini nina masharti matatu. Iwe ndogo. Isitegemee umeme. Na nikipiga, isisikike msikitini."

Asiyemjua angedhani sharti la tatu ni la dini. Msikiti uko hatua chache kutoka barazani kwake, na mjomba ni mtu wa safu ya mbele. Mimi nilijua lilikotoka. Nililileta mwenyewe kwa boti mwaka mmoja kabla, likiwa na magurudumu mawili na taa za rangi.

Mjomba anaishi Ras Kisimani, ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia. Hapo palikuwa na mji wa kale ambao sehemu yake kubwa imeshaliwa na bahari. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapo, akachapisha taarifa yake mwaka 1961. Nilipokuwa mdogo nikija likizo, maji yakitoka tulikuwa tunaokota vigae vya vyungu ufukweni. Nilivipanga barazani kwa mjomba huku yeye akipiga gitaa la umeme bila umeme. Kwa miaka kadhaa niliamini gitaa la umeme hulia hivyo: chik, chik, chik, kama kuku anayedonoa bati.

Ujanani mjomba alikuwa Dar es Salaam akipiga second solo katika bendi moja ya muziki wa dansi. Si bendi iliyoandikwa sana. Lakini ilikuwa na utaratibu wa bendi nyingi za zama zile: vyombo havikuwa vya wanamuziki. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi walikuwa na bendi yao, JKT walikuwa na yao, na hata kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na yake. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa. Akiacha kazi, anaacha gitaa na amplifaya ukumbini kama dereva anavyorudisha funguo za gari. Mjomba alipoacha, aliondoka na vidole vyake tu. Gitaa alilonalo alilinunua baadaye kwa mwenzake aliyechoka na muziki. Amplifaya hajawahi kumiliki maishani mwake.

Halafu akapata kiharusi. Mguu ulirudi, na maneno yalirudi yote. Mkono wa kushoto ulirudi nusu, na kwa mpiga gitaa anayetumia mkono wa kulia kuchapa nyuzi, wa kushoto ndio unaobonyeza shingo. Ndio unaotafuta noti.

Nilidhani najua dawa. Nilinunua Dar ile spika kubwa ya kukokota ambayo watu huitumia kwenye harusi, nikaivusha kutoka Nyamisati hadi Kilindoni ikiwa imefungwa nailoni kama maiti. Fundi redio wa Kilindoni alichomea kwa risasi tundu la jeki la gitaa, lililokuwa limeliwa na chumvi. Alasiri nikaiwasha barazani. Taa zikawaka, watoto wakaja, wakubwa wakafuata. Nikashika simu nirekodi.

Mjomba alipiga kipande kimoja, kidole cha pete kikachelewa. Akarudia, kikachelewa tena. Sauti yenyewe ilikuwa nzito na ya kiziwi, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Mtoto mmoja akacheka, si kwa ubaya, akauliza kama babu ndiyo anaanza kujifunza. Mjomba naye akacheka. Akaliegemeza gitaa ukutani, akasema jua linazama. Mimi nilikuwa nimeshaweka video kwenye status yangu kabla hata ya Magharibi, nikiandika kwamba gwiji amerudi. Niliifuta usiku. Spika ikaenda kukodishwa kwenye harusi na binamu zangu, na gitaa likarudi ndani.

Kwa hiyo simu ya Jumapili ile niliichukua kama nafasi ya pili, na safari hii niliamua kusoma kwanza.

Jambo la kwanza nililojifunza liliniuma. Sumaku za gitaa hutoa umeme dhaifu sana, na zinataka kuingia kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa, wa kama omu milioni 1. Matundu ya kawaida ya redio na spika za muziki huwa na ukinzani mdogo zaidi, mara nyingi omu elfu kumi tu. Ukichomeka gitaa humo, noti za juu hufifia. Na second solo hukaa juu ya shingo, kwenye noti nyembamba zinazong'aa. Maana yake siku ile kidole kilikosea, ndiyo, lakini spika yangu ilikuwa imemeza hata zile noti alizozipata.

La pili lilihusu wati. Kariakoo muuzaji aliniambia amplifaya ya wati 10 ni "mara mbili ya wati 5". Kwa bei, labda. Kwa sikio, kuongeza wati mara mbili kunaleta desibeli 3 tu, tofauti ambayo mtu anaisikia lakini haimshtui. Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Kwa mtu anayetaka asisikike, hesabu hii ilikuwa habari njema: sikuwa na sababu ya kulipia wati.

La tatu lilihusu aina ya sauti. Yule muuzaji alichomeka gitaa kwenye amplifaya ndogo, akazungusha nobu zote mpaka mwisho, ikaanza kukwaruza kama mashine ya kusaga. Akatabasamu. Nikamwomba aipunguze hadi sauti iwe safi. Alinitazama kama mtu aliyeomba pilau bila viungo. Lakini muziki wa dansi umejengwa juu ya usafi huo: solo inasema, second solo inajibu, rithimu inashikilia, besi inatembea chini. Gitaa moja likikwaruza, linawafunika wenzake. Amplifaya nyingi ndogo zimetengenezwa kwa watu wanaotaka kukwaruza. Chache hubaki safi ukizipandisha kidogo.

La nne nililipata kwa kumwuliza mwenyewe. Nilimpigia nikitaka kujua atapiga nini.

"Vipande vyangu," alisema. "Lakini peke yake havina maana. Ni kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu. Unasikia upande mmoja."

Basi ilibidi amplifaya iwe na tundu la pili la kuingizia muziki kutoka nje, ili nyimbo za zamani zicheze humo humo na yeye ajaze nafasi yake. Simu yake ni kiswaswadu, ila ina kadi ya muziki na tundu la eafoni. Waya mmoja ungetosha. Hapo hapo nikazifuta zile amplifaya za kisasa zinazotaka programu kwenye simu janja. Bluetooth nayo nikaifuta kwa upande wa hedifoni, kwa sababu sauti huchelewa njiani kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa msikilizaji si kitu. Kwa mtu ambaye kidole chake tayari kinachelewa, ni kumwongezea mzigo.

Na betri. Zipo amplifaya zenye betri ya ndani, ya kuchaji. Ni nzuri mpaka siku betri inapochoka, na hapo unahitaji fundi na kipuri ambavyo Kisimani havipo. Betri za AA zipo duka lolote la kijijini, pembeni ya viberiti. Nikaamua: betri za dukani, na seti moja ya kuchajiwa kwa sola yake.

Zilibaki tatu. Vox amPlug ni kidude kinachochomekwa moja kwa moja kwenye gitaa, kinatumia betri mbili za AAA, na hakina spika kabisa, unasikilizia hedifoni tu. Blackstar Fly 3 ina wati 3, spika ya inchi 3, betri sita za AA, na uzito usiofika kilo. Roland Micro Cube GX nayo ina wati 3 na betri sita za AA, ila spika yake ni ya inchi 5, na ndani yake kuna sauti safi iliyoigwa kutoka Jazz Chorus, amplifaya ambayo Roland waliitoa mwaka 1975 na ambayo inasifika kwa huo usafi wa kutokwaruza. Ni nzito kuliko ile nyingine na bei yake inauma, lakini ina mkanda wa kuivaa begani, na bega la kulia la mjomba halina tatizo.

Ukiyarudia masharti yake matatu, jibu lilikuwa dhahiri. Ndogo, isiyotegemea umeme, isiyosikika msikitini: amPlug. Na ndiyo iliyokuwa rahisi kupita zote.

Sikuinunua. Nilimwagiza rafiki anayefuata mzigo Dubai aniletee Micro Cube. Nilijiambia ni kwa ajili ya sauti safi. Ukweli ni kwamba sikuweza kumnunulia kitu kisicho na spika. Niliona kama ninakubali kwamba hatasikika tena na mtu mwingine. Nilitaka siku moja achomoe hedifoni.

Nilifika Ras Kisimani nikiwa nimeifunga amplifaya kwenye kanga mbili na mfuko wa plastiki, kwa sababu ya chumvi. Mjomba aliipakata kama mtoto. Akazungusha kila nobu kwa mkono wa kulia, taratibu, bila kuiwasha. Aliuliza betri zinaingia wapi. Aliuliza tundu la hedifoni liko wapi. Nilipomwonyesha spika na kumweleza kwamba hata hiyo akiipunguza haitafika kwa jirani, alisema, "Sawa," kama mtu anayeonyeshwa chumba ambacho hatalala.

Baadaye, tukimenya mihogo, nilimwomba radhi kwa ile siku ya spika ya magurudumu. Nilikuwa sijawahi kuitamka.

"Wewe hukukosea," alisema. "Hukujua tu." Alimenya kidogo. "Bendini tulikuwa na mazoezi mchana. Ukumbi mtupu, wote pamoja. Ukikosea, mwenye solo anakugeukia, mnacheka, mnaendelea. Halafu usiku mnapiga, watu wanacheza. Nyumbani hukuwa na chombo. Kwa hiyo kukosea peke yangu, mimi sijawahi. Sina ninapopajua. Na huu mkono sasa unataka kukosea sana kabla haujapata."

Nilifikiria zile hesabu zangu zote za wati na desibeli. Nilikuwa nimepima jinsi atakavyosikika, hata nilipopima kwa udogo. Yeye alikuwa anaomba mahali. Bendi ilimpa amplifaya ya kazi, mimi nikampa ya sherehe, na hakuna aliyewahi kumpa ya mazoezi, ambayo ni kitu tofauti kabisa. Ile spika ya inchi 5 niliilipia kwa tumaini langu, si lake. AmPlug ingetosha.

Hata hivyo sauti safi ilimfaa. Hilo nalijua kwa sababu usiku wa kwanza alipovaa hedifoni na kuchapa uzi mmoja tu, alitulia. Hakuchapa wa pili mpaka ule wa kwanza ulipoisha. Mimi sikusikia kitu zaidi ya chik.

Nilikaa siku nne. Kila usiku baada ya Isha alitoka barazani, akachomeka kiswaswadu upande mmoja na gitaa upande mwingine, akavaa hedifoni, akaanza. Kutoka kitandani nilisikia nyuzi tupu, zile zile za utotoni. Sikusikia wimbo gani, wala wenzake wanapoingia. Nilisikia tu kipande kimoja kikienda, kikikatika, kimya, kikirudi. Usiku wa mwisho nilihesabu: kilikatika mahali pale pale mara tisa. Mara ya kumi kilipita, au nilidhani kimepita. Bila kusikia wale wengine wanne, sikuweza kujua kama alifika kwa wakati.

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Niliiweka chini ya mto.

Nyuzi zikanyamaza. Nikasikia hedifoni zikiwekwa mezani.

"Umelala?" aliuliza kupitia dirishani.

"Bado, mjomba."

"Umesikia kitu?"

"Sijasikia kitu."

"Vizuri," alisema, akazivaa tena.