Kontrola Moja Inatosha, Bora Isikae na Siri za Watu

Wasee wa Java wana ubishi mmoja hauishi, na ukikaa na wanafunzi wa kompyuta kuanzia Nchiru hadi Embu mjini utausikia tu. Ombi likiingia kwa seva, utengeneze objekti mpya ya kontrola ama utumie ile moja kwa kila mtu? Mimi niko upande wa moja. Shida yangu ni sababu ambayo wengi upande wetu wanatoa, kwa sababu ni mbovu na kuna siku itachomea mtu.

Sababu yenyewe ni memori. "Objekti mpya kila ombi itamaliza RAM, na laptopu zetu ni za gigabaiti 4." Hapana, buda. Objekti ndogo inayozaliwa na kufa ndani ya ombi moja ni kazi ndogo sana kwa Java ya siku hizi. Mfumo wake wa kuzoa taka umeundwa ukitarajia kwamba vitu vingi vinakufa vikiwa vichanga. Swali moja tu kwa hifadhidata linakula muda mrefu kuliko kuunda hiyo kontrola.

Angalia hata fremuweki zenyewe. Servleti ya kawaida huundwa mara moja, kisha thredi nyingi zinaipitia kwa pamoja. Struts ya kwanza ilifuata njia hiyo hiyo, lakini Struts 2 ikageuka, ikaunda Action mpya kwa kila ombi. Spring, usipoiambia vingine, inakupa kontrola moja ya programu nzima. JAX-RS nayo kwa kawaida inaunda mpya. Njia zote mbili zimebeba mifumo mikubwa miaka mingi. Kama ishu ingekuwa kasi, moja ingekuwa imeshazikwa.

Ishu ni kumbukumbu. Fikiria matatu ya watu 14 inatoka Embu kwenda Meru kupitia Chuka. Makanga ni mmoja na anatosha. Hakuna mtu anaajiri makanga 14 ati ndio kila abiria awe na wake. Sasa huyo makanga awe na nafasi moja tu kichwani, iitwe "abiria wa sasa". Wewe unampa noti ya 1,000, kabla akurudishie chenji msee wa nyuma anampa 500. Kichwani wewe umefutika. Chenji inayokuja kwako ni ya mwenyewe mwingine.

Hiyo nafasi moja ndiyo fildi ya kontrola. Kuna kijana wa huku Embu alinionyesha mfumo wa chama cha akiba aliojenga kama projekti ya mwaka wa mwisho. Safi kwa macho. Lakini jina la mwanachama alikuwa ameliweka kama fildi ndani ya kontrola ya Spring. Akijaribu peke yake, kila kitu sawa. Nikamwambia aongeze usingizi wa sekunde 2 kabla ya kusoma salio, tuingie kwa simu mbili, tubonyeze karibu pamoja. Kwa simu yangu likatokea salio lake. Hakukuwa na kosa lolote kwa logi, na hilo ndilo linaogofya. Mfumo hauanguki, unadanganya tu kwa heshima.

Sasa weka hapo shosho wa Runyenjes anayeangalia pesa zake za kahawa, akaona za jirani, na jirani akaona zake. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Data ya mtu ikivuja na kuna hatari ya kweli ya kumdhuru, mwenye mfumo ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu ajue. Na ukoo wa shosho hautangoja hata hizo 72.

Kuna watakaosema basi tuunde mpya kila ombi tulale usingizi. Sawa, fildi za kontrola zitakuwa salama. Lakini ile sevisi ambayo kontrola inaita bado ni moja kwa wote, na fildi ya static pia ni moja. Umehamisha shimo tu. Wengine wataweka kufuli kwa methodi nzima. Hapo watu wote wanapanga foleni nyuma ya mmoja, na si kila foleni inavumilika mwisho wa mwezi.

Dawa ni rahisi. Kitu cha mtu kipite kama kigezo cha methodi ama kikae ndani ya methodi, maana kila thredi ina sehemu yake ya kuweka vitu hivyo. Kinachofaa kudumu kiende kwa sesheni au hifadhidata. Kwa fildi ubakishe vifaa vya kazi tu: sevisi zinazoingizwa kupitia konstrakta, zikiwa final, na zenyewe hazikumbuki mtu.

Ukifanya hivyo, kuunda mpya ama kurudia kunabaki suala la mazoea tu. Kwa hivyo fungua kontrola yako leo, usome fildi moja baada ya nyingine, na ujiulize: hii ni ya kazi ama ni ya mtu? Ikiwa ni ya mtu, itoe kabla hujasukuma kodi yako kwa seva.