Shangazi Alikuja kwa Siku Mbili



Katika matendo saba ya huruma ya kimwili tuliyofundishwa katekisimu, kukaribisha wageni ni tendo moja na kuzika wafu ni jingine. Mwanzoni mwa mwezi huu wa Novemba, nyumbani kwetu Kimara, Dar es Salaam, yote mawili yaliingia kwa mlango mmoja, tena yakiwa na tenga la kuku mkononi.

Sisi ni ndugu watatu, tumepanga vyumba viwili na sebule. Baba yetu alizaliwa kijijini karibu na Peramiho, akajifunza useremala misheni, akaja mjini akiwa kijana, akaoa na kuzeekea hapa hapa. Mama alipotangulia tulimzika makaburi ya Kinondoni, na tangu hapo baba akawa anatuagiza kwamba siku yake ikifika tumlaze karibu na mkewe. Siku hiyo ilifika miaka miwili iliyopita, katikati ya masika, nasi tukafanya alivyoagiza.

Huko nyumbani habari hiyo haikupokelewa vizuri. Ukoo wetu huzika watu wake kwao. Wazee walisema mtu wao ameachwa ugenini, na simu zikapungua. Shangazi, dada pekee wa baba, alikuwa akiumwa mguu na hakuweza kuja msibani. Naye akanyamaza.

Kwa hiyo alipopiga simu Jumatano jioni na kusema, "Wanangu, Ijumaa napanda basi, Jumatatu narudi kuwahi shamba," tulitazamana. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900. Hakuna mama wa umri wake anayesafiri kutwa nzima kwa ajili ya kutembea siku mbili tu. Tulijua anakuja na neno.

Wanaoishi mjini wanajua mgeni anavyowakuta. Mshahara wa mmoja wetu ulikuwa haujaingia. Tulinunua umeme wa kutosha, tukajaza ndoo zote maji. Mkubwa wetu akatoa kitanda chake, wengine tukajibana kwenye godoro moja sebuleni. Mama mmoja wa jumuiya yetu alituazima chandarua na sufuria kubwa bila kuuliza atarudishiwa lini.

Tulimpokea stendi ya Magufuli, Mbezi, usiku. Alishuka na begi dogo, unga, dagaa wa Nyasa na tenga lenye kuku wawili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba wanangu. Mmekonda."

Hakuongeza neno mpaka tulipofika nyumbani.

Jumamosi tulikuwa tumepanga kumpeleka ufukweni, apunge upepo na kuona meli. Alimaliza chai yake taratibu, akafunga kitenge vizuri, akasema, "Bahari haitahama. Nipelekeni kwa kaka yangu."

Tukapanda mwendokasi. Kijana mmoja akampisha kiti, naye akamuuliza kwao ni wapi mpaka kijana akashuka. Njiani akatueleza kwa nini alikuwa na haraka. Alitaka kufika ndani ya siku zile nane za mwanzo wa Novemba, ambazo Kanisa hutoa rehema kamili kwa ajili ya marehemu kwa anayezuru makaburi na kuwaombea, akitimiza masharti ya kuungama, kukomunika na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Alikuwa ameungama Alhamisi parokiani kwake.

Makaburi ya Kinondoni yamebanana. Inabidi kupita kwa kuchagua pa kukanyaga. Tulipofika alisimama kimya akitazama misalaba miwili, wa baba na wa mama. Tulingoja lile neno tuliloliogopa tangu Jumatano. Badala yake akauliza, "Nani anafagia hapa?"

Tukamweleza kwamba tunafagia sisi, na kila Novemba wanajumuiya huja na mafagio na majembe, wakasafisha makaburi ya marehemu wote wa jumuiya, hata ya wale wasio na ndugu mjini.

Akaketi chini, tukasali rozari pamoja. Tulipomaliza alikaa muda, kisha akasema: "Kule misheni kuna makaburi ya mapadri na mabruda waliotoka Ujerumani. Tangu nikiwa msichana tunayafagia. Sijaona ndugu zao wakija. Sikuwahi kufikiri kwamba mama zao nao walilia kuwa watoto wameachwa ugenini."

Akatuomba tumpigie baba mkubwa, akaongea kwa sauti kubwa kama wafanyavyo wazee kwenye simu: "Nimefika. Yuko na mke wake, na panafagiwa." Upande wa pili ukawa kimya. Kisha tukasikia, "Basi ni vyema. Nisalimie watoto." Ilikuwa salamu yake ya kwanza kwetu tangu mazishi.

Jumapili tulisali Misa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Baada ya Misa tukaanza kumweleza habari za Askofu Cassian Spiss, kumbe tunamfundisha mwenye nyumba. Alitukumbusha kwamba ndiye aliyeanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, baadaye akawa askofu hapa Dar es Salaam, na mwaka 1905, wakati wa vita vya Majimaji, akauawa njiani akielekea kusini. "Njia hii ni ya zamani," alisema. Mchana tukachinja kuku mmoja. Wa pili alitukataza: "Huyo abaki, atage."

Baada ya kumsindikiza Jumatatu alfajiri, tulizungumza sana. Mtakatifu Benedikto, ambaye watawa wake waliwalea wazee wetu, aliandika katika sura ya 53 ya Kanuni yake kwamba wageni wapokelewe kama Kristo mwenyewe. Hapo hapo akaweka utaratibu: wenyeji na mgeni wasali pamoja kwanza, ndipo wapeane amani. Hatukuupanga utaratibu huo. Shangazi ndiye aliyetuongoza kuufuata, na amani ikaja nyuma ya rozari.

Ndugu msomaji, wengi wetu mjini tunamwogopa mgeni kwa sababu ya chumba kimoja, bei ya mchele na foleni ya choo cha kuchangia. Hofu hizo ni za kweli. Lakini tusidhani kwamba mgeni hupungukiwa kwa sababu hatukumwonyesha majengo. Marta naye alikuwa na mengi ya kuandaa, na Mariamu akaketi kusikiliza. Ndugu anayesafiri kutwa nzima amebeba jambo. Apewe chai, kisha apewe nafasi ya kulisema, hata kama ni lile tunaloliogopa. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakusema mwenyeji atapona ugonjwa gani. Wetu ulikuwa ukimya wa miaka miwili.

Baba mkubwa amesema atakuja mwakani baada ya mavuno. Tumeshaanza kutafuta godoro la pili.