Tuzo ya Mapanki

Nimepata kutoa hukumu juu ya picha ya senema nisiyoiona. Jambo hilo nililitenda hadharani, mbele ya wanafunzi zaidi ya mia mbili, katika ukumbi wa shule moja ya Korogwe, mwezi wa Agosti mwaka 2006. Na hapana mtu katika ukumbi ule aliyenikanya, kwa kuwa hapana aliyekuwa ameiona. Lakini alikuwapo mtu mmoja, kwenye benchi la nyuma, aliyekuwa ameyaishi mambo yenyewe. Huyo hakunikanya pia, na kimya chake ndicho kinachonifanya niandike.

Picha ninayoisema yaitwa Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin. Aliitengeneza Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, kwa kamera ndogo katika mji wa Mwanza na kando ya Ziwa Viktoria, ikaanza kuonyeshwa mwaka 2004. Watanzania hatukulitumia jina hilo. Sisi tuliiita Mapanki, na kwa jina hilo ikajulikana hata kwa watu wasiojua Darwin alikuwa nani. Panki ni kile kinachobaki cha sangara baada ya kiwanda kuondoa minofu: kichwa, uti wa mgongo, mkia, na nyama kidogo iliyoshikamana na mifupa. Minofu hupanda ndege kwenda Ulaya. Mapanki hupanda lori kwenda vichanjani. Sangara mwenyewe si mwenyeji wa ziwa lile. Alitiwa humo na watu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawala samaki wengi aliowakuta, akaleta fedha na viwanda.

Picha hiyo ilipendwa mno Ulaya. Mwaka uleule wa 2004 ilipewa tuzo ya Ulaya ya filamu bora ya kumbukumbu; mwaka 2006 Wafaransa wakaipa tuzo yao ya César kwa kazi ya kwanza; na katika mwezi wa Machi mwaka huo huo ilikuwa miongoni mwa picha zilizoshindania Oscar kule Marekani. Oscar haikuipata. Ilishindwa na March of the Penguins, picha ya Wafaransa juu ya pengwini, ndege wasioruka wanaoishi katika barafu. Nakumbuka jinsi habari ile ilivyotufurahisha baadaye, tulipoijua: ndege wa barafuni wamemlipia kisasi sangara wetu!

Mjadala ulishika moto mwishoni mwa Julai, Rais Jakaya Kikwete alipohutubia akiwa Mwanza. Aliilaumu picha ile kwa kuichafua sura ya nchi, na zaidi kwa kudokeza kuwa ndege zinazochukua minofu huja zimebeba silaha, jambo ambalo alisema halina ushahidi. Bungeni nako ikazungumzwa. Baada ya hapo hapakuwa na kinyozi wala muuza magazeti katika Korogwe asiyekuwa na neno juu ya tuzo za senema. Katika soko la Manundu nilimsikia muuza vitunguu akiuliza kama mtu aliyepewa tuzo kwa uongo aweza kunyang'anywa, na mwenzake akamjibu kuwa hata shahada hunyang'anywa, sembuse sanamu.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili, nami nikaona hapa ndipo pa kuwafundisha wanafunzi sanaa ya mdahalo. Mada niliiandika kwa mkono wangu: Picha ya Mapanki haikustahili tuzo iliyopewa. Na kwa kuwa msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono aliugua siku ile, nikapanda jukwaani mwenyewe. Nilisema kuwa mgeni hawezi kukijua kijiji kwa kukipita. Nilisema kuwa mwenye kutuhumu silaha na azionyeshe. Hadi hapo sikuwa nimekosea sana. Kisha makofi yakanilevya, nikainua sauti, nikasema kuwa mapanki ni chakula cha kuku, na kwamba hapana Mtanzania mwenye akili timamu alaye mifupa iliyotupwa na kiwanda. Ukumbi ukalipuka. Hoja yetu ikashinda kwa kura nyingi.

Mjomba wangu alikuwa amepanda basi la asubuhi kutoka Handeni, katika barabara ile ambayo siku hizo ilikuwa bado ya vumbi tupu, kuja kununua mabati. Alikusudia kulala kwangu. Alipopita shuleni kuchukua ufunguo aliambiwa kuwa mwalimu yuko katika mdahalo, akaingia, akaketi nyuma. Nilipomwona nilimkimbilia kwa furaha ya mshindi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Umesema vizuri, mwalimu,” akajibu. Kwa kawaida aliniita mpwa wangu. Akasema amekumbuka shughuli nyumbani, na jioni ile ile akarudi Handeni pamoja na mabati yake.

Mama yangu ndiye aliyenieleza, baada ya majuma mawili, nami nilipasika masikio. Nilijua kuwa mjomba alikuwa Mwanza katika miaka ya 1990, na nilijua kuwa ndiye aliyenilipia ada ya sekondari baada ya baba kufariki. Nilidhani alikuwa mtumishi wa kiwanda. Alikuwa mpakizi langoni kwa muda mfupi, kisha akawa mkaanga mapanki. Alfajiri alinunua yale mabichi ya usiku ule, akayasafisha, akayakaanga katika pipa lililokatwa, akayauza kwa wachukuzi na mafundi na akina mama wenye watoto wengi. Yeye mwenyewe aliyala, na wateja wake waliyala, wala hapana aliyerukwa na akili. Mwaka 1999, masoko ya Ulaya yalipowafungia samaki wa ziwa kwa hofu ya sumu waliyokuwa wakivuliwa nayo, kiwanda kilipolala mapanki nayo yalikwisha. Mwaka ule ada yangu ya kidato cha sita ilichelewa, nami nikamwandikia mjomba barua ya kumlaumu. Barua ile, aliniambia mama, alikaa nayo.

Sikumwomba radhi. Niliona haya, na haya ikizeeka hufanana sana na kiburi. Tulisalimiana katika arusi na misiba kwa adabu kamili.

Picha yenyewe niliiona mwaka 2011, nilipokuwa masomoni Dar es Salaam, katika chumba cha mwalimu mmoja aliyekuwa na nakala. Niliitazama kwa kalamu mkononi, nikitafuta makosa ya kunitetea. Niliyapata, tena si haba. Habari ya silaha imejengwa kwa maswali mengi na majibu machache. Marubani huulizwa walikuja na nini, hujibu kuwa zilikuwa tupu, na mtazamaji huachwa ashuku. Mwishoni rubani mmoja akiri kwa huzuni kuwa aliwahi kupeleka zana Angola, kisha akachukua zabibu Johannesburg kwenda nazo Ulaya. Kauli nzito, lakini ni habari za Angola, wala si za Mwanza. Mwanahistoria wa Kifaransa, François Garçon, aliishambulia picha hiyo kwa maandishi, hata mambo yakafika mahakamani Paris, ambako mwaka 2008 mtengeneza filamu alishinda kesi ya kukashifiwa. Kushinda kesi ya kashfa, nionavyo mimi, si sawa na kuthibitisha kuwa bunduki zilishuka uwanjani.

Ila kalamu yangu ilisimama mahali pengi. Picha yaanza kwa kivuli cha ndege kikiteleza juu ya maji ya ziwa, kivuli tu, na kabla hujaambiwa neno umekwisha kuingiwa na wasiwasi. Kisha yuko mtu katika mnara wa kuongozea ndege, ndege kubwa yaja, naye ashughulika kumpiga mdudu kiooni. Mtu asiyejua kutazama hapati kitu kama hicho. Yuko mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, ambaye azungumza juu ya vita kwa utulivu kama azungumzaye juu ya mvua. Na viko vichanja vya mapanki, matopeni, na funza, na wanawake wakipanga mifupa juani. Hapo nilikumbuka sauti yangu mwenyewe jukwaani. Kama ningalikuwa mwamuzi wa ufundi wa kutazama, ningaliipa tuzo bila kusita; kama ningalikuwa mwamuzi wa ushahidi, ningaliirudisha kwa mwenyewe aongeze kazi. Tuzo haikatwi vipande viwili. Wao waliitoa nzima, nasi tukaikataa nzima.

Kwa mtu wa lugha, neno lenyewe lina jambo la kutwambia. Twasema tuzo kana kwamba ni kitu kinachoshushwa kutoka juu na watu wenye vyeo. Lakini kutuza, kwa desturi ya taarabu na ngoma zetu, ni tendo la mtazamaji. Wimbo humgusa mtu, huinuka kitini, huenda mbele watu wote wakimwona, humpa mwimbaji fedha yake mwenyewe. Atuzaye hujifichua. Jirani zake huuliza: mbona fulani ametuza ubeti ule? Yamempata nini? Kwa kipimo hicho sishangai kuwa Ulaya ndiko picha ile ilikotuzwa sana. Iliwagusa wao: minofu ilikuwa mezani kwao, na ubeti uliwaelekea. Waliinuka wakajifichua, na jambo hilo lina heshima yake. Kosa letu lilikuwa kudhani kuwa walituzwa wale walioonyeshwa uchi wao, au kwamba wangeulizwa. Wala mapanki hawakuwa na kiti katika ukumbi wa Paris, na katika ukumbi wangu wa Korogwe kiti kimoja walikuwa nacho, nikamtukana aliyekikalia.

Hukumu za waamuzi wakubwa nazo si wahyi. Mwaka 1986 picha ya Out of Africa, iliyopigwa nchini Kenya na ambayo ndani yake Kiswahili chasikika, ilishindania Oscar katika mafungu 11, ikapata 7 pamoja na ile ya picha bora. Usiku uleule The Color Purple, inayosimulia maisha ya mwanamke mweusi wa kusini mwa Marekani, nayo iliingia katika mafungu 11 ikatoka mikono mitupu. Nimezitazama zote mbili mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mwenye insha za kusahihisha, na sijaweza kuieleza hesabu ile ya saba kwa sufuri. Wanafunzi wangu huieleza kwa neno moja. Huwaambia waongeze la pili.

Mwaka 2019, katika likizo, nilikwenda Handeni nikiwa na nakala ya Mapanki katika kompyuta yangu ndogo. Mjomba alikuwa amezeeka. Nyumba yake iko pembezoni mwa Chanika, na mabati yake ni yale yale ya mwaka 2006. Baada ya chakula nilianza kusema maneno niliyoyatunga njiani kutoka Korogwe. Hakuyaacha yafike mwisho.

“Ulisema mwenye akili timamu,” akaniambia. “Mimi labda nilikuwa na nusu. Lakini ada ilifika.”

Kisha akacheka, nami nikashindwa kujua kama nicheke. Aliendelea kuwa watu wa Handeni waliokula ugali wa yanga, mvua ilipowakimbia, hawana sababu ya kuona haya kukitaja chakula kwa jina lake. Lililomuuma halikuwa kuku. Lililomuuma ni makofi.

Tuliitazama picha pamoja. Alitazama kama fundi atazamavyo kazi ya fundi mwingine. Vichanja vilipotokea aliinama karibu sana na kioo. Alisema yale yaliyoonyeshwa ni mapanki yaliyolala, na mengi ya namna hiyo husagwa kuwa chakula cha mifugo. Kwamba mpiga picha angalikwenda kwa wakaangaji alfajiri, angaliona mapanki mengine yenye harufu njema. Kwa hiyo yuko sawa na Rais, nikamwambia. Akasema la. Funza wale aliwajua. Matope yale aliyakanyaga. Aliniomba nirudishe nyuma mara mbili, nikadhani atafuta kosa. Alikuwa akitafuta sura ya mtu aliyemfahamu.

Ilipokwisha nilimwuliza kama ilistahili tuzo. Alikaa kimya kitambo, akauliza ni picha gani iliyoishinda huko Marekani. Nikamweleza habari za pengwini.

“Unayo?”

Kwa bahati nilikuwa nayo. Nikamwambia ni usiku, tena betri yakaribia kwisha. Akajibu kuwa hawezi kusema lolote juu ya mshindani mmoja bila ya kumwona wa pili, akaenda kumwomba jirani waya wa umeme. Basi tukawatazama ndege wale wakiandamana katika barafu, nami nikawa namfasiria maneno ya Morgan Freeman kwa Kiswahili, na mara nyingine kwa Kizigua changu kibovu. Tulipofika mahali dume alipolipokea yai juu ya miguu yake, jike akaondoka kwenda baharini kutafuta chakula, na dhoruba ikaanza, mjomba aliniinulia mkono ninyamaze, kwa kuwa hapo alikuwa akifahamu mwenyewe.