Kununua Gitaa Katika Bara ya Mombasa

Mombasa ni kisiwa, lakini watu wake wengi hulala bara. Kusini, ng'ambo ya kivuko cha feri, iko Likoni. Kaskazini, ukipita daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980, iko Kisauni. Magharibi, baada ya Makupa, iko Changamwe, penye viwanda na nyumba za wafanya kazi.

Katika sehemu hizo gitaa si kitu cha kuchezea tu. Pwani hii ndiyo iliyomlea Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924 na kuwa miongoni mwa wapigaji wa kwanza kuvuma Kenya. Ndiyo pia iliyowalea Them Mushrooms, walioanza mwaka 1972, wakapiga katika hoteli za watalii, na mwaka 1982 wakatoa wimbo wa Jambo Bwana ulioenea duniani. Hata leo hoteli za Bamburi na Diani huwapa wapigaji kazi. Kwa hiyo kijana atunzaye akiba yake ili anunue gitaa, pengine ananunua chombo cha kumlisha.

Wazee husema rahisi huvunja upishi. Katika gitaa, ubovu hujificha shingoni. Mnunuzi na aitazame shingo kwa urefu wake, kama seremala atazamavyo ubao, aone kama imepinda. Kisha aguse uzi kwa wepesi juu ya kile chuma cha kumi na mbili cha shingoni na kuupiga. Halafu aubonyeze papo hapo, aupige tena. Sauti hizo mbili zapasa kulingana. Zikitofautiana sana, gitaa hilo litasumbua kila lipigwapo pamoja na mengine.

Tena na aulize limeundwa kwa nyuzi gani. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, na za nailoni huvuta kwa nguvu ndogo zaidi. Atiaye nyuzi za chuma katika gitaa la nailoni, kwa kuwa ndizo alizozipata, huenda akaona daraja lake limebanduka.

Hata hivyo, bei kubwa peke yake si dhamana. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Nyuzi hupata kutu upesi, na mbao huvimba wakati wa masika. Gitaa lenye uso wa ubao mmoja hutoa sauti nzuri zaidi, lakini lataka kutunzwa ndani ya sanduku lake. Lile la mbao zilizobandikwa tabaka kwa tabaka huvumilia unyevu vizuri zaidi, na bei yake ni ndogo. Kwa mwanafunzi, au kwa apigaye ufukweni, hilo la pili laweza kuwa ndilo la busara.

Liko jambo la tatu, nalo husahauliwa: huduma. Muuzaji mwema humwacha mteja ajaribu, humrekebishia kimo cha nyuzi, huuza nyuzi moja moja, na huandika katika risiti kwamba atalipokea gitaa likiwa na kasoro. Muuzaji wa simuni, atakaye pesa zitumwe kwanza, mara nyingi hatoi hata moja katika hayo.

Kwa mtu wa bara, huduma hiyo ni sehemu ya bei. Wa Likoni avukaye kwa miguu halipi nauli ya feri, bali saa zake humwishia katika msongamano. Wa Kisauni na wa Changamwe hulipa matatu kwenda na kurudi. Safari tatu kisiwani kwa ajili ya ufunguo mmoja wa kukazia uzi, pamoja na siku za kazi zilizopotea, huweza kumaliza nafuu yote aliyoipata dukani. Basi kabla ya kutoa fedha, na ajumlishe yote matatu: bei, ubora wa chombo, na umbali wa fundi atakayekitengeneza.